Sauti Yangu na Nyonga ya Refa

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji wa wanaume, na wenzangu wananiita Spika. Si kwamba nimewahi kuongoza bunge lolote. Ni sauti tu. Nikimwambia mgonjwa wa kitanda cha dirishani ageuke upande, na wa kitanda cha mlangoni anageuka. Nikimuuliza mtu kwa upole kama amepata choo, jibu lake linasubiriwa na wodi nzima, pamoja na watu wa jikoni. Mama aliyenizaa husema kwamba siku niliyozaliwa mkunga aliziba masikio, na mpaka leo sijui kama anatania.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba sauti hii ni kipaji. Mgonjwa anahitaji uchangamfu, niliwaza, na nani mchangamfu kunishinda? Nilikuwa naingia zamu ya asubuhi kama mtu anayefungua duka la muziki. "Hamjambo hapo! Nani kaamka vibaya?" Walikuwa wanaitikia, nami nikachukulia kuitikia kwao kuwa ni mapenzi. Haikuniingia akilini hata mara moja kwamba mtu ambaye mguu wake umening'inizwa kwa kamba hana pa kukimbilia.

Sasa, wodini kwetu kazi ilikuwa inagawanywa kwa shughuli. Mmoja anashika dawa na sindano, mwingine vidonda, mwingine vitanda na kuogesha. Mgonjwa mmoja alipitia mikono ya karibu kila mtu, na jioni ungetuuliza yeye ni nani, tungekujibu, "Yule wa utumbo." Matroni wetu, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji, alikwenda kwenye mafunzo akarudi na mpango mpya. Akatuita kwenye chumba cha kufungia vidonda, ambako viti havitoshi lakini angalau kuna benchi.

"Kuanzia sasa," alisema, "kila muuguzi atakuwa na wagonjwa wake mwenyewe, tangu wanapoingia mpaka wanapotoka. Unamuuliza mtu anaishije, anaogopa nini, anataka nini. Unamhudumia kama yeye, si kama ugonjwa wake. Mnaonaje?"

Mama Pacha akasafisha koo. Huyu ndiye mkongwe wetu, mwenye watoto mapacha ambao sasa wana ndevu, na bado tunamwita hivyo.

"Matroni, ni jambo zuri sana kwa mwenye muda," alisema. "Nipe wagonjwa wachache, nitakwambia hadi wanavyokoroma. Ukinipa nusu ya wodi, nitamjua mtu kwa kidonda chake, na hapo ujue nimejitahidi."

Binti wa miwani, aliyekuwa mgeni kati yetu, aliuliza huku akiangalia sakafu, "Na ukishamjua sana mtu, halafu akafa?"

Ilikuwa nafasi nzuri ya kunyamaza, na mimi nafasi kama hizo huwa nazipita mbio.

"Mbona mimi hayo nayafanya tayari!" nikasema. "Nawajua wote, nawaongelesha wote!"

"Vizuri," alisema matroni. "Basi wewe mchukue Refa."

Watu walicheka mpaka boksi la glovu likaanguka.

Refa alikuwa mzee aliyechezesha mpira maisha yake yote ya kazi, akastaafu salama, halafu akateleza bafuni kwake na kuvunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, kila kitu kikaenda sawa. Daktari akasema mzee aanze kusimama na kutembea mapema, maana ukimwacha mtu wa umri huo chali kitandani, mapafu yanajaa, damu inaganda, mgongo unachubuka. Mzee akakataa. Hakugombana na mtu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja na fremu ya kutembelea, akaambiwa, "Asante, si leo." Kesho yake akaambiwa hivyo hivyo. Mama Pacha alijaribu kwa ukali, akaambiwa, "Asante, mama, si leo." Alikuwa amelala shuka limemfika kidevuni, macho darini, na kifua kilikuwa kimeanza kukoroma hata akiwa macho.

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba." Aliitikia kama mtu anayerudishia mlango.

Nikaanza maswali ya matroni kwa mpangilio wake. Unapenda kuitwaje? Unapenda nini? Kitu gani kinakupa wasiwasi? Nilimaliza na kile kicheko changu cha kumtoa mtu hofu.

Mzee akageuza macho tu, kichwa hakikusogea. "Unaniuliza mimi, au unauliza kitanda?"

"Nakuuliza wewe, mzee wangu!"

"Maana jana nilikusikia ukimuuliza huyo wa jirani maneno hayo hayo. Na wa kule mwisho. Na kicheko ulikicheka mahali pale pale."

Nilitazama upande wa jirani. Jirani alitikisa kichwa kukubali, kwa masikitiko.

Mtu mwingine angejifunza hapo. Mimi nilikwenda nyumbani nikawaza upya, na nikagundua kosa langu lilikuwa ni kuuliza wakati jibu liko wazi. Huyu ni refa. Refa anapenda nini? Mpira! Kesho yake nikasimama kando ya kitanda nikamsimulia mechi ya juzi kuanzia filimbi ya kwanza. Nilipofika kona ya pili mzee akajifunika shuka usoni. Nikaendelea kulisimulia shuka.

Bado sikukata tamaa. Niliamua kwamba mzee ana upweke, nikampangia jambo la kumshtukiza. Nikawakusanya wagonjwa wote walioweza kutembea, wengine na dripu zao za magurudumu, nikawaleta kitandani kwake wampigishe soga. Miongoni mwao kulikuwa na muuza nyama aliyejikata mkono. Aliinama, akamtazama mzee vizuri, rangi ikambadilika.

"Ni wewe!" alisema. "Ni wewe uliyetunyima penalti!"

Naomba usiniulize penalti gani, mechi gani. Ninachojua ni kwamba katika wodi ile kulikuwa na watu waliokuwapo uwanjani siku hiyo, na watu waliosikiliza redioni, na watu ambao hawakuwapo popote lakini walikuwa na maoni. Nusu walisema mpira uligusa mkono, nusu wakasema kifua. Mtu wa ngiri alisimama kitandani kuonyesha ulivyokuwa. Dripu zikagongana. Mimi katikati nilikuwa napaza sauti kuwatuliza, kwa maana hiyo nilikuwa kelele kubwa kuliko zote. Matroni alipotokea mlangoni, mzee alikuwa amejibana mto masikioni kwa mikono miwili. Presha yake ilipanda siku ile. Na yangu pia, baada ya maneno mafupi ya matroni.

Nyumbani nilimlalamikia mke wangu. Yeye ni mshonaji, na huwa ananisikiliza huku cherehani ikienda, nadhani kwa makusudi.

"Ulimuuliza anataka nini?" alisema.

"Nilimuuliza, tena siku ya kwanza kabisa!"

"Akajibu nini?"

Nikafungua mdomo. Sikukumbuka. Na nilipozidi kufikiria, nikaona sikukumbuka kwa sababu sikuwa nimempa nafasi ya kujibu. Kila swali nililifuatisha na jingine.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye masikio yake yanapona kila ninapotajwa, akadakia kutoka sebuleni, "Hata mimi asubuhi aliniuliza kama nataka chai. Nikasema sitaki. Nimekunywa vikombe vitatu."

Mwisho wa wiki ile mpwa wangu alioa, na mimi ndiye nilikuwa mshereheshaji. Nani mwingine? Katikati ya shughuli kipaza sauti kikafa. Watu wakaingiwa na wasiwasi, mimi nikafurahi. Nikaibeba harusi yote kwa koo langu, kuanzia utambulisho wa wazazi mpaka kukata keki, na watu waliokaa nyuma kabisa walisema hawakujua kama kipaza sauti kilikuwa kimezima. Kesho yake nilifungua mdomo kumsalimia mke wangu, kikatoka kitu kama bawaba ya kabati.

Daktari wa koo alinimulika, akaguna. Akaniambia nisiongee mpaka aniangalie tena.

"Hata kunong'ona?" nilinong'ona.

"Hasa kunong'ona."

Mke wangu alimpelekea mama yake habari. Mama mkwe alimshukuru Mungu, kisha akauliza kama ni ugonjwa mkubwa, kwa mpangilio huo huo.

Nilidhani nitapewa mapumziko. Matroni akasema mikono yangu haina ugonjwa, na wodi haina watu. Akawatangazia wagonjwa kwamba muuguzi wao amekatazwa kusema. Muuza nyama akauliza kama agizo hilo linaweza kuongezwa muda.

Nikaingia kwa Refa na beseni la maji, taulo, sabuni na wembe. Niliona aibu isiyo ya kawaida. Bila maneno sikujua uso wangu uuweke wapi. Nilitaka kumwambia ageukie kushoto nimsafishe mgongo, nikanyoosha mkono kushoto.

Mzee aliutazama ule mkono. "Mpira unaenda timu gani?"

Sikuelewa. Nikataka kumjulisha kwamba nitapandisha kitanda, nikanyoosha mkono juu, wima.

"Hiyo ni faulo isiyopigwa golini moja kwa moja," alisema mzee. "Nimemfanya nini mtu mimi?"

Nikatikisa kichwa, nikapunga mikono yote miwili kumwambia hapana, sivyo.

"Ah, sasa unaniambia tuendelee kucheza." Na akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu kilichomkohoza, lakini kicheko. Nikabaki na mikono hewani kama kinyago cha kufukuzia ndege.

Nilimwogesha, nikampaka sabuni kidevuni, nikaanza kumnyoa. Kunyoa mzee ni kazi ya kwenda polepole, ngozi inakunjamana, lazima uivute kwa kidole. Siku zote nilikuwa nafanya kazi hiyo huku nikitoa taarifa ya habari. Siku ile kulikuwa na sauti ya wembe tu, na maji. Upande mmoja wa uso ukaisha. Nikahamia wa pili. Mzee akafumba macho, akaanza kusema bila kuulizwa.

"Unajua, kijana, mimi nimetembea kwenye macho ya watu maisha yangu yote. Wakinizomea. Nilizoea, kwa sababu nilikuwa na mbio, na nilijua naenda wapi. Lakini sasa unataka nisimame na ile fremu, na hili gauni lenu lililo wazi nyuma, na wodi nzima ipige makofi. Nimewasikia wanavyompigia yule aliyekatwa mguu. Wana nia njema, najua. Lakini mimi nikishasikia kelele za watu wananiangalia, mguu unakataa. Kabisa. Si woga wa maumivu."

Mkono wangu ulisimama na wembe. Makofi yale ni ya kwangu. Mimi ndiye niliyeyaanzisha wodini. Kila mtu anaposhuka kitandani mara ya kwanza, mimi husimama katikati na kuita, "Jamani, tumpigie makofi huyu shujaa!" Niliwahi hata kujisifia kwa matroni. Nilitaka kumwomba mzee radhi, nikashindwa, na nadhani ilikuwa bahati yake, kwa sababu ningemweleza kwa kirefu.

Badala yake niliweka wembe chini. Nikatembeza vidole viwili juu ya shuka, kisha nikajifunika macho kwa kiganja, kisha nikamtazama kwa kuuliza.

Alifikiri. "Saa ya wageni," alisema. "Saa ya wageni hakuna anayemwangalia mwenzake. Kila mtu ana watu wake na vyombo vyake vya chakula. Binti yangu mimi hutoka kazini jioni, anafika wageni wameshaondoka. Saa ile huwa niko peke yangu humu kuliko saa yoyote." Akashika ncha ya gauni. "Na suruali. Nina suruali ya kulalia kwenye hilo kabati. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Saa ya wageni muuguzi hamshushi mgonjwa kitandani, ndiyo taratibu yetu. Nikakimbilia kwa matroni kumweleza kwa mikono. Nilionyesha kutembea, nikaonyesha kufumba macho, nikaonyesha kuvaa suruali. Matroni alidhani nimepaliwa, akanipiga mgongoni. Mama Pacha alikuwa pale, akanitazama kwa utulivu, kisha akanipa kalamu na boksi tupu la glovu, nikaandika. Matroni akasoma, akasoma tena.

"Taratibu hiyo niliiweka mimi," alisema. "Naweza kuilegeza."

Wageni wakaingia. Wodi ikajaa mabakuli, watoto waliolia, shangazi waliokaa kwenye ukingo wa vitanda ambako hawaruhusiwi, watu wakisimuliana mambo ya nyumbani wote kwa pamoja. Nikavuta pazia, nikamvisha mzee suruali, mguu mzima mwisho, mguu mgonjwa kwanza, kama tulivyofundishwa. Nikamkalisha. Akawa mweupe midomoni, nikasubiri. Kooni mwangu kulikuwa na maneno ya kumtia moyo yamejazana kama abiria mlangoni, na hakuna hata moja lililopata kutoka. Akashika fremu. Akasimama.

Tukatoka nyuma ya pazia. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi. Nilikuwa nimemshika mkanda wa kiunoni kwa nyuma na macho yangu yako kwenye visigino vyake. Tulipita kitanda cha muuza nyama, ambaye alikuwa anagombana na mke wake kuhusu nani alisahau chumvi. Tulipita mtu wa ngiri aliyezungukwa na wajukuu. Hakuna aliyegeuka. Tukafika dirishani mwisho wa korido, penye chumba cha mashuka, tukasimama tukatazama nje, kwenye kamba za kuanikia za hospitali. Mashuka mengi, na magauni mengi yaliyo wazi nyuma.

"Turudi," alisema mzee.

Alipolala tena, jasho likimtiririka, alinishika kifundo cha mkono akakibana, akakiachia. Baadaye Mama Pacha aliniuliza macho yangu yana nini, nikamwonyesha kwa ishara kwamba ni jasho. Akasema, "Hiyo ishara siijui."

Tangu hapo kila saa ya wageni ilikuwa yetu. Kifua kikatakata. Mtaalamu wa mazoezi akaja, akapewa masharti ya muda na ya suruali, akakubali. Wodi iligundua pole pole, kama watu wanavyogundua kwamba mvua imekatika, na wakati huo mzee alikuwa tayari ana mwendo wake na hakuwajali. Siku moja alisimama mwenyewe mbele ya kitanda cha muuza nyama.

"Haikuwa penalti," alisema, "na ikitokea tena leo, siitoi." Akaendelea na fremu yake. Muuza nyama alicheka mpaka nikaenda kukagua nyuzi zake.

Refa aliporuhusiwa kwenda nyumbani, binti yake alikuja mapema na fimbo mpya. Mzee aliniaga kwa kunyoosha mkono wima juu. Nikajiuliza nimefanya kosa gani, na nikakubali kwamba orodha ni ndefu.

Sauti ikarudi. Matroni akanitaka niwaeleze wenzangu nilichojifunza, nikaeleza. Nilieleza kwa mapana, kwa mifano, kwa kuigiza. Nilipomaliza chai ilikuwa imepoa.

"Kwa hiyo umejifunza kunyamaza," alisema Mama Pacha, "ukaona utueleze mpaka mapumziko yaishe."

Lakini kikao kile kilizaa kitu. Mama Pacha alisema wazi kwamba hatarudia mtindo wa zamani, ila wakati wa sindano za asubuhi tusaidiane wote kwa pamoja, maana mikono ni michache na kumjua mtu hakumchomi sindano. Matroni akakubali. Binti wa miwani nilimkuta baadaye kwenye chumba cha mashuka akikunja foronya. Mgonjwa wake, fundi saa mwenye saratani, alikuwa amefariki wiki ile.

"Alikuwa hapendi mto wa pili," aliniambia. "Kila zamu walikuwa wanamwekea, mimi nikiingia nautoa. Hata siku ile niliutoa." Akaendelea kukunja. "Nimelia sana. Lakini ningekuwa sijui habari ya mto, nadhani ningejisikia vibaya zaidi."

Nilikuwa na la kusema. Nikachukua foronya, nikakunja.

Basi nikajiona nimehitimu. Kitanda cha Refa kikapata mtu mwingine, dereva wa lori aliyevunjika mguu, jitu la mabega mapana. Nikaenda kwake na elimu yangu mpya. Nilimsalimia kwa sauti ya chini. Nilimwogesha kimya, nikamnyoa kimya, kwa heshima zote, nikimwachia nafasi ya kufunguka. Siku ya kwanza hakufunguka. Ya pili pia. Nikajisifu kwa subira yangu. Siku iliyofuata matroni akaniita.

"Mgonjwa wako ameleta malalamiko," alisema. "Anauliza amekukosea nini. Anasema ameendesha lori peke yake miaka yote, usukani na yeye, hakuna wa kuzungumza naye. Amelazwa akafurahi kwamba angalau hapa kuna watu. Na amepewa muuguzi mwenye kisirani."

"Mimi? Kisirani?"

"Punguza sauti," alisema matroni.

Nikarudi wodini, nikavuta kiti, nikamwomba dereva radhi, nikamuuliza safari yake ya mbali kabisa ilikuwa ya wapi. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa maji jangwani, akaanza kwenye injini, akapanda milima, akakwama kwenye tope, akafika mpakani akazuiliwa na mzigo wa vitunguu. Nilikuwa na kisa changu kizuri sana cha vitunguu. Nikasubiri avute pumzi ili nikiingize. Chakula cha mchana kikaletwa, akala huku anasimulia.